Kiti Kwanza, Ngoma Baadaye: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Ngoma Shuleni

Tumezoea kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Maneno hayo tumeyasikia katika hotuba, tumeyaandika ubaoni, na tumewapa wanafunzi wayatungie insha. Lakini uti wa mgongo wa mwanafunzi mwenyewe, ule unaombeba wakati anapoiandika insha hiyo, ni nadra kuusemea. Katika makala haya tunakusudia kuusemea, na tutafanya hivyo kwa njia ya somo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la mapumziko tu, yaani upigaji wa ngoma. Rai yetu ni fupi. Mwalimu anayefundisha ngoma bila kupima kiti cha mpigaji ameanza somo lake katikati, na makosa mengi tunayomwandikia mwanafunzi ni makosa ya kiti.

Rai hii hatukuipata kwanza vitabuni. Tuliipata kisiwani Mafia, na tuliipata kwa aibu kidogo.

Tuliyoyaona Mafia

Tulivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni tukiwa na kazi ya kawaida ya wakufunzi, yaani kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu. Katika shule moja ya msingi, mbali kidogo na mji, mwanachuo wetu mmoja alikuwa na kipindi cha ngoma kwa darasa la tano. Alikuwa amejitayarisha. Andalio lake la somo lilikuwa safi, malengo yake yalieleweka, na alikuwa ameazima ngoma nne kutoka kijijini: vumi moja, chapuo mbili na msondo mmoja. Ngozi zilikuwa zimekwisha kuota moto asubuhi, na zilikuwa zikiita vizuri. Mkaguzi gani asingefurahi?

Viti ndivyo ambavyo hakuna aliyevifikiria. Mpigaji wa vumi alikalia ndoo ya plastiki iliyopinduliwa. Mpigaji wa chapuo ya kwanza alipanda juu ya dawati, miguu ikining'inia, akawa anaiinamia ngoma iliyosimama chini mbele yake kama mtu achotaye maji kisimani. Mpigaji wa chapuo ya pili, mvulana wa miaka kama kumi na mmoja, alipewa mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha kung'oka ulimi. Wenye kuijua mbuzi wanajua kimo chake: ni kiti cha kukalia dakika chache, hadi nazi mbili tatu ziishe. Magoti ya mtoto yalipanda yakakaribia kifua, mgongo ukajikunja kama ndoana, na uso wa chapuo ukawa juu ya viwiko vyake, hata ikambidi ainue mabega kila alipotaka kupiga. Mpigaji wa msondo peke yake ndiye aliyesimama, na tutaona baadaye kwamba huyo alikuwa na bahati. Kiti cha kweli kilikuwa kimoja tu katika chumba kile. Kilikuwa kimeletwa kutoka ofisi ya walimu, na tulikuwa tumekikalia sisi.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha chapuo ya pili ikaanza kuchelewa. Mtoto alijinyoosha, akaweka mkono kiunoni, akarudi kupiga, akajinyoosha tena. Mwanachuo akamwambia achangamke. Mtoto akachangamka kwa mipigo michache, kisha mwendo ukaanguka kabisa na wimbo wa wenzake ukaanguka pamoja nao. Baadaye, katika daftari la tathmini, tulisoma maneno aliyoandikiwa: kwamba ni mvivu na hana moyo wa ngoma.

Hatuna haki ya kumlaumu mwanachuo huyo peke yake. Fomu yetu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya maandalizi, nafasi ya utangulizi wa somo, nafasi ya maswali, nafasi ya vifaa na nafasi ya matumizi ya ubao. Haikuwa na nafasi ya kuuliza mwanafunzi ameketi vipi. Katika vifaa tulimpa alama za juu, kwa sababu ngoma zilikuwa nne. Viti hatukuvihesabu kuwa vifaa.

Jioni ile tulipita nyumbani kwa bibi anayemlea mvulana yule. Tulimwamkia, akatuitikia na kutukaribisha barazani. Hakungoja tuulize.

"Walimu, mjukuu wangu anasema ngoma ya shule haiwezi tena," alisema. "Si kwamba haitaki. Kiuno kinamkataa."

Alikuwa amemkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Tukamwuliza kama mtoto hulalamika pia anapopiga dufu katika maulidi, maana tulikwisha kuambiwa kwamba hupiga. Bibi akasema la, huko hupiga hadi usiku mkubwa wala halalamiki. Jibu hilo lilitukosesha usingizi. Kama mtoto ni mvivu, uvivu wake ulikuwa unakwenda wapi usiku wa maulidi?

Asubuhi yake alifika shuleni mzee mmoja mwenye zile ngoma, mpigaji wa siku nyingi, kuangalia kama vyombo vyake viko salama. Tulimweleza habari ya mtoto. Hakutoa hotuba. Alichukua ujiti wa kuti, akamsimamisha mvulana peku, akapima kutoka ardhini hadi chini kidogo ya goti, akaongeza upana wa vidole viwili, akauvunja ujiti pale. Nyuma ya shule palikuwa na mnazi mkongwe uliokwisha kuangushwa. Msumeno ukaletwa, kikakatwa kipande cha gogo kwa kipimo cha ule ujiti, na mtoto akakikalia. Chapuo ilikuwa ile ile, na mikono ilikuwa ile ile. Lakini sasa mapaja yalitelemka kidogo kuelekea magotini, nyayo zote mbili zilikanyaga chini, viwiko vilining'inia ubavuni, na uso wa ngoma ulikuja wenyewe mahali mikono ilipoangukia. Akapiga wimbo mzima bila kushika kiuno.

Hatusemi kwamba gogo la mnazi lilimponya mtu. Siku zilizofuata aliendelea kupokezana na mwenzake, na hilo nalo lilikuwa na sehemu yake. Tunasema tu kwamba neno "mvivu" lilifutwa katika daftari, na kwamba lilifutwa kwa msumeno.

Mgongo na kiti

Mwalimu hawezi kulitetea jambo hili mbele ya wenzake kama hajui mgongo unavyofanya kazi. Uti wa mgongo huhesabiwa kuwa na pingili 33: shingoni 7, nyuma ya kifua 12, kiunoni 5, na nyingine 9 ambazo kwa mtu mzima zimeungana katika mifupa miwili ya chini, ule wa kati ya nyonga na kifandugu. Kati ya pingili zinazojongea mna visahani vya gegedu vinavyopokea uzito na mishtuko. Mtu akisimama ukamtazama kwa ubavu, utaona kwamba mgongo haukunyooka kama fito. Shingoni umeingia ndani, kifuani umetoka nje, na kiunoni umeingia tena ndani.

Kiti kikiwa kifupi mno, magoti hupanda juu ya nyonga. Misuli ya nyuma ya mapaja na ya makalio huvuta nyonga irudi nyuma, na lile bonde la kiunoni hutoweka; mgongo wote huwa upinde mmoja. Kiti kikiwa kirefu mno, nyayo hazifiki chini, uzito wote hubebwa na makalio na mapaja, na mpigaji huinama mbele kutafuta ngoma. Makosa hayo mawili ni ya pande mbili, lakini mwisho wake ni mmoja: misuli ya mgongo hushika kazi ya kumzuia mtu asianguke, wakati mikono ingali inadai mgongo huo huo uwe nguzo yake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima kwa sindano shinikizo lililomo ndani ya visahani vya gegedu vya watu walio hai, akaona kwamba kuketi kwa kujikunja huvibana zaidi kuliko kusimama. Vipimo vya watafiti wa Ujerumani vilivyochapishwa mwaka 1999 vilipunguza ukali wa hukumu hiyo, kwa kuonyesha kwamba kuketi kwa kupumzika kunaweza kuwa na shinikizo dogo. Naye A. C. Mandal, daktari wa upasuaji wa Denmaki, alianza katika miaka ya 1970 kudai kwamba viti vya shule viinuliwe na uso wake uinamishwe mbele, ili paja litelemke na bonde la kiuno lisipotee. Yule mzee wa Mafia hakumsoma Mandal, lakini vidole vyake viwili vilisema maneno hayo hayo.

Ni lazima tuwe waangalifu tusije tukahubiri kupita tunachokijua. Elimu ya siku hizi haikubali kwamba kuna mkao mmoja mtakatifu unaozuia maumivu yote, wala kwamba kila anayejikunja ataugua. Maumivu ya kiuno yana sababu nyingi, nayo yameenea mno. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi nayo. Linalokubaliwa zaidi ni kwamba mwili huchoshwa na kukaa katika mkao mmoja kwa muda mrefu, hasa mkao huo ukiwa wa kujikunja na mikono ikirudia kazi ile ile. Na hiyo ndiyo picha kamili ya mtoto aliyekalia mbuzi ya nazi katika kipindi cha dakika 40.

Wala wapigaji wakubwa hawakuachwa. Mwingereza Phil Collins, aliyejulikana kwa ngoma zake katika kundi la Genesis, alipasuliwa mwaka 2009 kwa sababu ya pingili za shingo zilizohama, na mishipa ya fahamu iendayo mikononi ikawa imeathirika hata asiweze kushika mikwiro sawasawa. Hatuwezi kusema kiti ndicho kilichomtenda. Twaweza kusema kwamba mikono ya mpigaji huanzia shingoni, na kwamba aliye na umaarufu wote ule hakupewa mgongo wa akiba. Wenye kuunda ngoma za bendi walilitambua hilo; mpigaji wa dramu hupewa kiti cha duara chenye parafujo, kipande au kishuke kwa kimo chake. Ngoma zetu za asili hazina parafujo. Parafujo yake ni mwalimu.

Hoja za wanaopinga

Tulipowasimulia wenzetu habari hii chuoni, tulipata majibu matatu ambayo hayafai kupuuzwa.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba wazee wetu walipiga ngoma wakiwa wameketi chini, wala hawakudai viti. Ni kweli waliketi chini. Lakini tutazame vizuri walivyoketi. Katika ngoma ya kijijini mpigaji hapigi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akichoka, mwenzake humpokea pasipo mwendo kukatika. Husimama kwenda kuotesha ngoma moto. Hujitikisa, huinuka, hucheza na chombo chake. Katika maulidi wapigaji wa dufu hukaa mkekani, lakini mwili mzima huyumba na wimbo, na chombo chenyewe ni chepesi, hushikwa mkononi na kufuata kifua popote kiendapo. Hii ndiyo siri ya mjukuu wa yule bibi. Usiku wa maulidi alikuwa na ruhusa ya kujongea. Shuleni tulimwambia atulie.

Ndiyo kusema shule haikuichukua ngoma kama ilivyokuwa. Iliichukua ngoma, ikayaacha mazoea yaliyomlinda mpigaji. Iliweka kurudiarudia zoezi moja hadi lishikwe, ikaweka mpangilio wa safu, ikaweka amri ya kukaa kimya. Anayetaka kuwafuata wazee na awafuate katika yote. Aidha, tusidanganyane kwamba wazee hawakuumwa. Migongo iliyokandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi katika pwani hii haihesabiki. Lililokosekana ni mtu wa kuandika.

Jibu la pili lilikuwa la fedha. Shule haina madawati ya kutosha, itapata wapi viti vya wapiga ngoma? Swali hili latukumbusha mwaka 2016, wakati nchi nzima ilipohangaikia madawati. Mikoa ilitangaza hesabu, na wahisani walikabidhi madawati mbele ya wapiga picha. Ilikuwa kazi njema, kwani mtoto anayeandika akiwa amelala kifudifudi sakafuni hawezi kuambiwa habari za mkao. Hata hivyo swali lililoulizwa lilikuwa "mangapi?" Swali la "kimo gani, na kwa mtoto wa darasa lipi?" liliulizwa kwa nadra. Ngoma inatupa nafasi ya kuliuliza kwa gharama ndogo, kwa sababu viti vinavyohitajiwa ni vitatu au vinne tu kwa kundi zima.

Na Mafia ndipo mahali pa mwisho pa kulalamika kukosa miti. Kisiwa hiki kimeishi kwa minazi tangu karne ya 19, na mnazi uliokoma kuzaa huangushwa. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi ya mikono na masomo viwe kitu kimoja. Ni nafasi ipi bora kuliko hii, ambapo wanafunzi wanapima miguu yao, wanaandika vipimo, wanatafuta wastani, kisha wanakata viti watakavyovikalia wenyewe? Tunatoa tahadhari moja ya kiufundi. Gogo la mnazi ni gumu pembeni na laini katikati; likikaliwa muda mrefu, kiini hulika na kufanya shimo. Afadhali lipigiliwe kibao juu, au liwekewe kata ya makuti au kipande cha mkeka.

Jibu la tatu lilikuwa kwamba muda hautoshi, nao mtihani hauulizi habari za viti. Kwa hilo tunajibu kwamba kupima kikundi cha watoto wanne huchukua dakika tano, tena mara moja kwa muhula. Kipindi tulichokikagua kilipoteza dakika nyingi zaidi ya hizo kwa kumhimiza mtoto mmoja achangamke.

Wasichana na ngoma

Kuna jambo jingine ambalo tusingeliona kama tusingeanza kutazama viti. Katika darasa lile wasichana waliimba na kutikisa kayamba. Hakuna hata mmoja aliyeshika ngoma. Tulipouliza, mwanachuo alieleza kwa heshima kwamba ngoma hubanwa katikati ya miguu, na kwa mtoto wa kike aliyevaa sketi, akikalia kitu kifupi kama mbuzi mbele ya darasa zima, hiyo si stara. Alisema kweli. Lakini angalieni basi jinsi kimo cha kiti kilivyoamua, kimyakimya, nani atajifunza na nani atatazama.

Haikubidi iwe hivyo. Katika pwani yetu ngoma za unyago hupigwa na wanawake wenyewe. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa kuupiga msondo akiwa amesimama, ngoma ameifunga kiunoni. Wanawake wa Kigogo, katika ngoma ya muheme, husimama pia huku wamezibana ngoma zao mapajani. Wanawake hawakukosa ngoma. Shule ndiyo iliyokosa mkao wa kuwapa. Msichana akipewa kiti cha kimo chake, na ngoma ikawekwa juu ya kigoda au kufungwa kwenye nguzo mbele yake badala ya kubanwa miguuni, atapiga kwa stara kamili. Au apewe msondo na asimame. Hili si jambo la mgongo peke yake, ila tumelifikia kwa kupitia mgongoni.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwa mwalimu mwenzetu mwenye kipindi cha ngoma wiki ijayo, tunapendekeza yafuatayo.

1. Pima mguu kabla ya kugawa ngoma. Mwanafunzi asimame peku. Pima kwa ujiti au kamba kutoka ardhini hadi chini ya goti. Kiti kilingane na kipimo hicho au kikizidi kwa vidole viwili. Usitumie kipimo cha mtoto mmoja kwa darasa zima, maana katika darasa moja vimo hupishana sana.

2. Nyayo zikanyage chini. Kama kiti kilichopo ni kirefu na hakikatiki, weka tofali au kibao chini ya miguu. Kama ni kifupi, kiinue. Usimwambie mtoto "nyooka" huku kiti kikimkunja.

3. Leta ngoma kwa mpigaji, usimpeleke mpigaji kwa ngoma. Mwambie alegeze mabega na kuacha viwiko vining'inie, kisha anyanyue viganja. Pale viganja vilipo ndipo uso wa ngoma unapotakiwa kuwa, au chini yake kidogo. Ngoma ikiwa ndefu, iinamishwe au ipigwe kwa kusimama. Ikiwa fupi, iwekwe juu ya kigoda.

4. Akalie mifupa ya makalio, si kifandugu. Mtoto hulielewa hili upesi akiambiwa aweke viganja chini ya makalio na kuitafuta ile mifupa miwili.

5. Sikiliza sauti. Mpigaji aliyeketi vyema hupiga kwa uzito wa mkono unaoanguka, na ngoma huitika kwa sauti nene. Aliyeinua mabega hupiga kwa nguvu ya misuli, na sauti huwa kavu. Sikio la mwalimu laweza kuugundua mgongo uliojikunja hata akiwa ameyapa mabega ya mtoto kisogo. Hali kadhalika kifua kilichobanwa hakiimbi.

6. Wapokezane. Wimbo mmoja au miwili, kisha zamu ya mwingine. Mbinu hii ni ya wazee wetu, nayo ina faida ya pili ya kuwafikisha watoto wengi zaidi kwenye ngoma.

7. Ngoma ya gwaride nayo ipimwe. Mtoto anayepiga ngoma ya mstarini asubuhi huivaa shingoni kwa kamba. Kamba ipite begani na kukingama kifuani, urefu wake urekebishwe kwa kila mpigaji, na ngoma nzito ibebwe na watoto wawili inaporudishwa stoo.

8. Mtoto akisema anaumwa, aaminiwe kwanza. Maumivu yakiendelea kwa siku nyingi, yakimwamsha usiku, yakishuka miguuni au yakifuatana na ganzi, hilo si la kiti tena wala la mafuta ya nazi. Mzazi aambiwe na mtoto apelekwe hospitali.

Kwa wakufunzi wenzetu tuna ombi moja zaidi. Fomu za ukaguzi ziongezewe mstari mmoja unaouliza mkao wa mwanafunzi, katika ngoma na katika masomo yote. Jambo lisilo na nafasi katika fomu halionekani na mkaguzi, na lisiloonekana na mkaguzi halifundishwi na mwanachuo. Walimu wanaotaka kujiendeleza katika ngoma zenyewe hawana haja ya kwenda mbali: Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kimo katika mkoa ule ule wa Pwani ulio na Mafia. Na kabla ya kufika huko, kila kijiji kina mzee mwenye ujiti wa kuti.

Hitimisho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo tunaipenda sisi walimu, kwa kuwa inatupa madaraka juu ya watoto wangali wadogo. Lakini inatuonya pia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hukunjika upande wowote tunaomkunja, hata upande ambao hatukuukusudia, kisha tukamwandikia kwamba ni mvivu.

Tumekwisha kukiri kwamba siku ile kiti kizuri kilikuwa chini yetu. Tangu tulipotoka Mafia tumejiwekea kanuni ndogo, nasi tunaiomba ienee: mkaguzi anapoingia katika darasa la ngoma, asiketi hadi ahakikishe kwamba kila mpigaji ameketi vyema. Kikipungua kiti, na apungukiwe mkaguzi.